Maana ya Amri za Mbali katika Basi la GPIB

Amri ya mbali ni ujumbe mfupi wa maandishi ambao kompyuta hukipelekea kifaa cha kupimia, kama vile multimita au osiloskopu, ili kifanye kazi ambayo fundi angeifanya kwa kubonyeza vitufe. Basi la GPIB, yaani nyaya za pamoja zinazounganisha vifaa hivyo na kompyuta, lililobuniwa na kampuni ya Hewlett-Packard mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975, lingali likitumika katika maabara nyingi.

Basi hili lina nyaya 16 za ishara: 8 hubeba data, 3 huongoza upokezanaji wa kila baiti, na 5 husimamia utaratibu. Vifaa vinavyoweza kuungwa pamoja ni 15, kompyuta ikiwemo, na kila kimoja huwa na anwani yake kati ya 0 na 30. Kwa wakati mmoja msemaji, yaani kifaa kinachotuma data, ni mmoja tu, na anayempa nafasi ni kidhibiti, yaani kompyuta. Kati ya nyaya 5 za utaratibu, waya wa ATN ndio unaostahili kueleweka kwanza: ukiamilishwa, vifaa vyote hujua kwamba baiti zinazopita ni maagizo ya basi lenyewe, kama vile kumteua msikilizaji, yaani kifaa kitakachopokea; ukiachiliwa, baiti zinazofuata ni ujumbe wa kifaa kilichoteuliwa. Msemaji hatoi baiti mpya mpaka msikilizaji aliye wa polepole kuliko wote awe ameipokea iliyotangulia.

Maneno ya amri zenyewe hayatokani na nyaya. Mengi hufuata kanuni za SCPI, lugha sanifu ya amri za vifaa vya kupimia, za mwaka 1990, ambapo *RST hurudisha kifaa katika hali yake ya mwanzo, na MEAS:VOLT:DC? hukiagiza kipime volteji ya mkondo mnyoofu.

Kiulizo hicho cha mwisho hakipaswi kupuuzwa, kwa sababu jibu halijitumi lenyewe: hukaa ndani ya kifaa hadi kidhibiti kikiteue kiwe msemaji. Programu ikituma amri nyingine kabla ya kulisoma, jibu hufutwa na kosa -410 huandikwa. Ikijaribu kusoma bila kuuliza, husubiri hadi muda uishe, na kosa huwa -420. Kwa hiyo jibu lisipofika, kabla ya kubadilisha kebo, ni vyema kutuma SYST:ERR?, amri inayouliza kosa lililoandikwa, na kusoma namba inayorudi.