Mbwa wa Kukodi Haji Peke Yake

"Tuleteeni mbwa saa kumi na mbili jioni, asubuhi mje mumchukue." Ombi hili linanichosha. Kampuni ya ulinzi ya Nairobi au Dar es Salaam ikikukodishia mbwa, iwe imekupa jozi: mbwa na mwongozaji wake. Ukimwondoa mtu, umebaki na mnyama wa kilo 35 asiyekujua, katika ua ambamo watoto wako hucheza.

Mbwa wa lindo huwa amezoeshwa mtu wake. Masikio yakisimama na pua ikielekea ukuta wa nyuma, mwongozaji ndiye anayejua kama ni paka au mwizi. Ndiye anayelegeza kamba, na ndiye anayesema "acha". Hiyo "acha" ni amri ngumu kuliko zote kufundisha, na ikitoka kinywani mwa mgeni mara nyingi haisikilizwi. Mbwa akishamwangusha mtu, nani atamtoa? Wewe uliyevaa kandambili? Mwache peke yake katika ua asioujua uone: mmoja atabweka hadi alfajiri, mwingine atachimba chini ya geti, mwingine atajikunja kibarazani alale.

Kukodi kunafaa kwa ghala, mjengo, au nyumba mnaposafiri. Dai kuona kadi ya chanjo, uliza mbwa hupumzika saa ngapi, na mkataba useme nani analipa akimuuma mtu.

Ukitaka mbwa wako mwenyewe wa kulinda nyumba, mfuge. Mchukue akiwa na wiki 8, kwa kuwa hofu zake hujengeka kati ya wiki 3 na 14: mzoeshe bodaboda, mvua ya bati, watoto. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo kwa mbwa mkubwa, kila miezi 3. Kupe wakague ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe huambukiza ugonjwa wa damu: ufizi ukipauka na mkojo ukiwa rangi ya chai, daktari amwone siku hiyo hiyo. Ugali mtupu haumtoshi, na mfupa uliopikwa hupasuka ukamchoma utumbo.

Na tafadhali, usimfunge mnyororo kutwa eti awe mkali. Mnyororo humfanya mwoga, na mbwa mwoga humuuma yeyote, hata anayemletea chakula.

Wauzaji hawatakuambia hili: hakuna jaribio la mtoto wa mbwa wa wiki 8 linalohakikisha atakuwa mlinzi. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja hulinda, mwingine hakai langoni hata kidogo. Akifika miezi 18 na bado anajificha nyuma ya miguu yako geti likigongwa, basi huyo ni mbwa wa nyumbani. Utamlisha miaka 10 ijayo, na lindo utalikodi.