Brora, Port Ellen na Rosebank: hasa kimefufuka nini?

Wanunuzi wa hoteli ninaowashauri huniuliza swali lile lile kila mara: kiwanda cha wiski cha Port Ellen si kilifungwa zamani? Mbona sasa inasemekana kinazalisha tena, na mbona chupa yake bado inauzwa bei ya kiwanja?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uskoti ilikuwa na wiski nyingi kuliko wanywaji. Viwanda vilikuwa vimejaza mapipa kwa matumaini ya miaka ya nyuma, soko likanywea, na mwaka 1983 kampuni ya wiski ya DCL (Distillers Company Limited) ikafunga viwanda kadhaa kwa mpigo: Brora kaskazini mashariki, Port Ellen katika kisiwa cha Islay, Dallas Dhu, Banff, Glen Albyn na vingine. Glen Albyn ilibomolewa. St Magdalene ya Linlithgow siku hizi ni nyumba za kuishi watu. Rosebank ya Falkirk ilijikokota hadi 1993. Mali za DCL hatimaye zilifika mikononi mwa Diageo, ambayo Wakenya waliijua kwa miaka mingi kama mmiliki mkuu wa kampuni ya bia ya EABL, na ndiyo iliyowasha tena Brora Mei 2021 na Port Ellen Machi 2024. Rosebank ilichukuliwa na kampuni ya Ian Macleod, ikaanza kukeneka upya (yaani kuchemsha pombe na kuupoza mvuke wake) Julai 2023.

Sasa piga hesabu. Kisheria, pombe hii haiitwi wiski ya Uskoti mpaka ikae angalau miaka 3 kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, humo humo Uskoti. Umri ulioandikwa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Ikiitwa singo molti maana yake imetoka kiwanda kimoja, kwa kimea cha shayiri peke yake. Haina maana ya pipa moja. Port Ellen haikukeneka hata tone kati ya 1983 na 2024. Kwa hiyo Port Ellen ya miaka 18 iliyojazwa chupani mwaka jana haiwezi kuwepo, na ukiikuta popote, iache hapo hapo. Za umri huo zilizojazwa miaka ya 1990 zipo, ni halali, na ni ghali. Rosebank ya miaka 30 ilitoka mwaka 2020 wakati kiwanda chenyewe kilikuwa bado kinajengwa upya: ilikuwa imekenekwa 1990 na kulala kwenye pipa muda wote huo. Pombe mpya ya Rosebank, ile ya 2023, ilihitaji kufika Julai 2026 ndipo ipate haki ya kuitwa wiski.

Na ladha je? Hapo ndipo penye utamu.

Brora ilikuwa na bahati, maana mitambo yake miwili ya shaba ya kukenekea ilibaki. Ilipelekwa kwa mafundi wa Abercrombie mjini Alloa, wakaikarabati, ikarudishwa kwenye jengo lililobomolewa na kujengwa upya jiwe kwa jiwe. Rosebank haikupata bahati hiyo. Katika sikukuu za mwisho wa 2008 wezi wa shaba waliingia wakaondoka na mitambo yenyewe (anayeishi mtaa unaoibiwa nyaya za umeme hatashangaa). Ikabidi mafundi wa Forsyths wa Rothes waunde mipya kwa kufuata michoro ya zamani. Shingo ya mtambo na mlalo wa mkono wake ndivyo vinavyoamua mvuke kiasi gani urudi chini, na shaba ndiyo inayonyonya harufu ya salfa. Rosebank hukeneka mara tatu, jambo linaloifanya pombe kuwa nyepesi, kisha mvuke hupozwa ndani ya bomba lililojizungusha kwenye tangi la maji, mahali unapokutana na shaba kidogo tu, na hilo huirudishia uzito. Mvutano huo ndio Rosebank. Mchoro mzuri unaweza kuurudisha.

Kuna yasiyochorwa. Clynelish, kiwanda kilichojengwa 1967 pembeni ya Brora, kinasifika kwa wiski inayoteleza mdomoni kama nta. Chanzo ni mafuta yanayoganda taratibu ndani ya matangi ya katikati ya mikeneko. Waliposafisha matangi hayo, nta ikatoweka. Tangi jipya linang'aa, halina kitu. Shayiri nayo imebadilika: aina ya Golden Promise iliyotawala mashamba ya Uskoti miaka ya 1970 siku hizi ni ya wachache. Na sheri, mvinyo mkali wa Uhispania, haisafirishwi tena kwa mapipa kwenda Uingereza, hujazwa chupani huko huko, kwa hiyo mapipa mengi ya sheri ya sasa hutengenezwa makusudi kwa ajili ya wiski. Tangazo linaloahidi ladha ile ile ya 1972 mimi siliamini. Pombe nzuri, sawa. Ile ile, hapana.

Viwanda vipya kabisa havina mzigo huo. Mzigo wao ni njaa ya kusubiri. Daftmill, shamba la familia huko Fife, walipata leseni 2005, wakakeneka kazi za shamba zinapopungua, na chupa ya kwanza ikatoka 2018. Wachache wanaweza uvumilivu huo. Wengi huuza jini, isiyohitaji pipa. Kisiwa cha Harris kiliishi kwa jini yake ya mwani tangu 2015 mpaka wiski yao, The Hearach, ilipotoka 2023.

Wengine huuza mapipa kwa watu binafsi, na hapa naomba uwe macho. Tangu 2012 singo molti lazima ijazwe chupani Uskoti. Pipa utakalouziwa kwa simu ukiwa Nairobi au Dubai halitakuja kwako kamwe. Litakaa ghalani kule, likipoteza karibu asilimia 2 kwa mwaka kwa mvuke. Dai uthibitisho wa mwenye ghala kwamba anakutambua wewe kama mmiliki. Cheti chenye nembo ya dhahabu kutoka kwa muuzaji si kitu.

Kwa anayetaka kuonja ufufuo uliokwisha komaa bila kuuza gari, huwa nashauri Kilkerran ya miaka 12. Inatoka Glengyle ya Campbeltown, iliyofungwa 1925 na kuwashwa tena 2004 na wenye kiwanda cha Springbank. Mitambo yake ilinunuliwa kutoka Ben Wyvis, kiwanda kingine kilichokufa, na jina la Glengyle haliko kwenye lebo kwa sababu lilikuwa tayari mikononi mwa kampuni nyingine.