"Alikuwa Mwizi" Haitoshi Mbele ya Tume

Nimepigiwa tena simu ileile. "Wakili, huyo kijana kaniibia, mtaa mzima unajua. Si aende CMA akathibitishe hakuiba?"

Hathibitishi. CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi Tanzania. Kwenye mgogoro wa kuachishwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakubebesha wewe mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Ndiyo maana mwajiri ndiye anayeanza kutoa ushahidi.

Ukipokea Fomu Namba 1, ile ambayo mfanyakazi anafungulia mgogoro, angalia tarehe. Mgogoro wa kuachishwa unapelekwa Tume ndani ya siku 30. Akichelewa bila kuomba kuongezewa muda, weka pingamizi mapema. Na wito usiupuuze, shauri litasikilizwa upande mmoja.

Sasa huo utaratibu, maana hapa ndipo waajiri wadogo wanapoumia. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka uchunguzi, tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa (zinataja saa 48), kikao cha nidhamu ambacho mfanyakazi anaweza kusindikizwa na mwenzake, kisha uamuzi wenye sababu. "Nilimwita, nikambana, akakiri" hicho si kikao. Kumwandikia barua ya kuachishwa Jumatatu na kumwita kujieleza Jumatano ni kumhukumu kwanza. Na asije mtu kwangu na muhtasari wa kikao ulioandikwa jana usiku ukawekwa tarehe ya mwezi uliopita. Huko ni kughushi, na maswali matatu tu ya dodoso, yale ya upande wa pili kumbana shahidi, yanauvua nguo.

Nakiri kanuni hizi ziliandikwa kwa kampuni yenye ngazi. Mwenyekiti wa kikao anatakiwa awe kiongozi asiyehusika na tukio. Duka lenye watu watatu litampata wapi, wakati mwenye duka ndiye aliyeibiwa, aliyechunguza na anayeajiri? Mimi nashauri aitwe mtu wa nje mwenye busara, ila siwezi kukuahidi kwamba kila mwamuzi ataridhika.

Mashahidi: leta aliyeona. Ukisema "keshia aliniambia", mwamuzi atauliza keshia yuko wapi. Daftari la stoo alitoe anayelijaza. Ujumbe wa WhatsApp usiishie kwenye karatasi iliyochapwa. Simu yenyewe itunze, usifute kitu. Na kama hukumpa mkataba wa maandishi, usishangilie, kwa sababu akidai mshahara mlioelewana ulikuwa mkubwa zaidi, ni wewe utakayetakiwa kuonyesha vinginevyo.

Kama kikao hakikufanyika kabisa, niambie kabla ya siku ya usuluhishi, yaani hatua ya kwanza ya kutafuta mapatano. Yanayosemwa pale hayapelekwi kuwa ushahidi kwenye hatua ya uamuzi, ambako mashahidi husikilizwa, kwa hiyo tunaweza kuzungumza kiasi kwa uhuru na kumaliza. Usisubiri kuniambia ukiwa umeshakula kiapo.