Duka la kwenye simu lisilokula mega za mteja

Kuna mama mmoja anauza bikwembe (vitenge) pale soko la Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile nchi, ndugu zangu wa Nairobi mtulie), mwaka jana aliniita akanipa simu ya mteja wake niiangalie. "Papa, ona. Aplikasio yako inasema afute kwanza bapicha ya batoto njo iingie." Simu yenyewe ya kawaida tu, giga 16, ndani kumejaa picha za ubatizo, video za kwaya, na WhatsApp peke yake imekula karibu nusu. Yule mteja alishachagua bikwembe viwili, pesa anayo, lakini afute picha za watoto wake juu ya duka letu? Akarudisha simu kwenye sakoshi akaenda. Hata mimi ningeenda.

Toka siku ile mfanyabiashara mdogo akija kwangu anataka "aplikasio" simtengenezei tena kitu cha Play Store kama hatua ya kwanza, namtengenezea PWA (Progressive Web App). Na kila mara inabidi nieleze ni kitu gani, basi leo naandika ili kesho nitume linki tu.

PWA ni tovuti. Ndiyo, tovuti, inafunguka kwenye Chrome mtu akibonyeza linki uliyomtumia WhatsApp, hakuna kwenda Play Store, hakuna kungojea mega 30 zishuke. Lakini imeongezewa vitu vichache vinavyoiwezesha kukaa kwenye skrini na ikoni yake kama aplikasio, kufunguka hata rezo (mtandao) ikipotea, na kutuma taarifa. Jina lilitungwa mwaka 2015 na Alex Russell aliyekuwa injinia wa Chrome pamoja na mbunifu Frances Berriman, ile P ya mwanzo (progressive, yaani hatua kwa hatua) watu wengi wanairuka lakini ndiyo yenye maana: simu nzuri inapata kila kitu, simu dhaifu inapata kidogo, ila hakuna simu inayofukuzwa mlangoni.

Vya kuongeza vyenyewe ni hivi. Tovuti lazima iwe ya HTTPS (mawasiliano yaliyofungwa kwa siri), cheti siku hizi ni bure kwa Let's Encrypt, hapo hakuna kisingizio. Kisha faili dogo linaitwa manifesti, unaandika jina la duka, rangi, ukurasa wa kuanzia, na ikoni mbili, ya pikseli 192 na ya 512. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Kazi yote iliyobaki, na kichwa kuuma kote, iko kwenye sevisi-woka (service worker).

Sevisi-woka mfikirie kama kijana wa depo. Mteja yuko mbele dukani anasema nataka ile nyekundu yenye maua, kijana ndiye anasimama katikati ya duka na depo, anaweza kukimbia depo (yaani seva) kila mara, au akasema ngoja, hii nilishaileta asubuhi, iko hapa chini ya meza. Meza ndiyo kashe, yaani hifadhi ya ndani ya simu yenyewe. Ni faili la JavaScript linaloishi pembeni ya ukurasa, kila ombi la ukurasa kwenda mtandaoni linapita kwake, na yeye anafanya kile ulichomfundisha tu. Ukimfundisha vizuri duka linafunguka mara moja hata mteja yuko ndani ya taksi-basi sehemu rezo inakwenda inarudi. Ukimfundisha vibaya, atauza uongo kwa sura ya kujiamini kabisa.

Mimi nilimfundisha vibaya. Nilikuwa na haraka nikamwambia aweke kila kitu mezani, picha, maandishi, na bei. Bei! Hapa kwetu bei inaishi kwenye dola lakini watu wengi wa soko wanalipa franka, na taux (kiwango cha kubadilisha pesa) haikai mahali pamoja. Basi dola ikasogea, mama akabadilisha bei kwenye mfumo, mimi nikaona kwenye kompyuta yangu iko sawa nikalala. Siku chache baadaye anafika mteja kutoka Ruashi na simu mkononi, bei anayoonyeshwa ni ya wiki tatu nyuma. Mama akamuuzia kwa bei ile ile juu mteja hana kosa. Kisha akaniangalia. Hakusema neno, angenitukana ingekuwa afadhali.

Sasa nafanya hivi, na kama unasoma kwa ajili ya kitu kimoja tu, soma hapa. Picha za bidhaa: kashe kwanza, kikwembe hakibadiliki rangi kesho, mteja akishailipia mega mara moja asilipe mara ya pili. Muundo wa duka, yaani vibonyezo, rangi, JavaScript: kashe kwanza pia, lakini kila toleo na jina lake, na toleo jipya likiingia linafagia kashe ya zamani, usipofagia kuna watu watabaki na duka la mwaka jana. Orodha ya bidhaa: onyesha ile ya mezani haraka, wakati huo huo kijana akimbie depo alete mpya kimya kimya. Bei na stoki: depo kwanza, kila mara. Kama rezo haipo kabisa, onyesha bei ya mwisho lakini andika wazi ni ya tarehe gani na kwamba itahakikishwa wakati wa kulipa. Na bei yenyewe naiweka kwa dola, taux inakuja peke yake kama namba moja, kiombi kidogo sana hata rezo mbovu inakibeba, ikifika franka zote za duka zima zinajihesabu upya. Ingenichukua saa mbili kufikiria hili mapema, ilinichukua aibu.

Jambo lingine kuhusu kijana huyu: ni mkaidi kidogo. Ukituma toleo jipya la sevisi-woka, la zamani halitoki mpaka mteja afunge kurasa zote za duka, na watu wetu hawafungi kurasa, niliona simu moja ina kurasa 60 za Chrome ziko wazi. Kuna njia ya kumlazimisha mpya aingie mara moja lakini ukifanya hivyo mtu akiwa katikati ya kulipa unaweza kumharibia, kwa hiyo mimi naweka kijibango kidogo chini, "duka limepata mapya, bonyeza", anabonyeza akitaka.

Tuje kwenye kulipa, maana hapo ndipo pesa inapotea, na sioni watu wakiandika juu yake, labda kwa sababu wanaoandika wako kwenye nchi za kadi za benki. Hapa mteja analipa na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Anaweka namba, ujumbe unamtokea kwenye simu aweke PIN, au anatoka kwenye duka anaenda kupiga kodi (zile namba za nyota na reli), anarudi. Kwenye simu ya RAM giga 1 au 2, akitoka tu Android inaua Chrome ili ipate nafasi, akirudi ukurasa unaanza upya. Kikapu tupu. Yeye ameshalipa, duka halimjui. Anafanya nini? Wengine wanapiga simu wakipiga kelele, wengine, masikini, wanalipa tena.

Dawa ni mbili na zote ni za kufanya kabla hujafikiria rangi ya vibonyezo. Ya kwanza, kikapu kisikae kwenye kumbukumbu ya ukurasa, kiandikwe kwenye IndexedDB, ile hifadhi ya ndani ya kivinjari, kila mara mteja anapoongeza kitu, hata Chrome ikiuawa, hata simu ikizima juu umeme ulikatika jana na chaji imeisha, akirudi anakuta kila kitu pale alipokiacha. Ya pili, namba ya oda itengenezwe kwenye simu ya mteja KABLA ya kuomba pesa, halafu seva ikipokea namba ile ile mara mbili ijue ni oda ile ile, isitoze mara ya pili. Akirudi ukurasa unauliza seva "oda hii imelipwa?" na unamjibu mtu kwa maneno ya kueleweka: malipo tumeyapata, au bado tunangoja, usilipe tena. Hayo maneno mawili "usilipe tena" yamenipunguzia simu za usiku kuliko kodi yote ya kompyuta niliyowahi kuandika.

Watu watauliza, kuna duka kubwa limeshafanya hii? Yapo. Flipkart ya India mwaka 2015 walifunga tovuti yao ya simu wakitaka kila mtu achukue aplikasio, mwisho wa mwaka ule ule wakarudi na Flipkart Lite ambayo ni PWA, na walitangaza kwamba waliokuja kupitia ikoni ya skrini walinunua asilimia 70 zaidi. Namba tamu, lakini tuseme ukweli: mtu anayeweka ikoni ya duka lako kwenye skrini tayari anakupenda, angenunua tu, kwa hiyo msiende kwa mteja wenu mkamwahidi 70. Inayonigusa zaidi ni ya Twitter Lite ya 2017, walisema ni chini ya kilobaiti 600 wakati aplikasio yao ya Android ilikuwa karibu mega 23 na nusu. Hiyo hata mama wa sokoni anaielewa bila kuchorewa, ni forfe (bando) yake.

Kwa maduka ninayotengeneza najiwekea kilobaiti 300 kwa ukurasa wa kwanza pamoja na picha zake. Inaumiza. Mpiga picha analeta faili la mega 4, nalipunguza mpaka upana wa simu, nalibadilisha kuwa WebP (aina ya faili la picha linalobana zaidi), linafika kilobaiti 40 na ua bado linaonekana ua. Picha zilizo chini kabisa hazishuki mpaka mtu ateremke kuzifikia. Font za mapambo nimeziacha kabisa, font ya simu yenyewe inatosha, hakuna aliyewahi kununua kikwembe juu ya font.

Sasa mapungufu, maana yapo. iPhone ilichelewa, sevisi-woka iliingia Safari 2018 na taarifa za pushi zikangoja mpaka iOS 16.4, mwaka 2023, tena kwa yule tu aliyeweka ikoni kwenye skrini. Na iPhone haimwambii mtu "weka ikoni", lazima mwenyewe abonyeze kile kialama cha kushirikisha atafute « Sur l'écran d'accueil », kwa hiyo nimechora kimaelezo kidogo kinachotokea kwa wenye iPhone tu. Anayekuja kutoka Facebook anafungukia kwenye kivinjari cha ndani ya Facebook, huko ikoni haiwekeki, namwekea kibonyezo cha kumpeleka Chrome. Na wapo wa Opera Mini, wengi tu, ile hali yake ya kubana sana data inapitisha kurasa kwenye seva za Opera na sevisi-woka haifanyi kazi huko. Kwao duka lazima liende kama tovuti ya zamani: orodha, picha, namba ya WhatsApp ya kuagizia. Jaribu duka lako kwenye Opera Mini kabla hujamwonyesha bosi, utanishukuru au utalia.

Kuhusu taarifa za pushi, jamani, msiombe ruhusa mtu akiwa ndiyo kwanza anaingia. Ni kama muuzaji kukushika mkono kabla hujaona meza yake. Mtu akibonyeza hapana kwenye Chrome, kivinjari hakitakuruhusu umuulize tena, umempoteza mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio, na hataingia. Mimi nauliza mara moja tu, baada ya oda ya kwanza: tukujulishe mzigo ukitoka? Hapo mtu ana sababu, kikwembe chake kiko kwenye pikipiki kinaelekea Katuba, anataka kujua.

Mwezi huu ninashughulika na oda za bila rezo. Mteja anaagiza, rezo haipo, oda inakaa ndani ya simu ikingoja, rezo ikirudi inaenda yenyewe hata kama ameshafunga duka. Chrome inaweza, Safari haiwezi, kwa iPhone inabidi ingoje afungue duka tena. Sehemu ngumu si kuandika kodi, ni kumfanya mteja aelewe kwamba oda "imeandikwa" lakini bado "haijafika". Nimebadilisha maneno ya ule ujumbe mara nne.

Mama yeye hana habari na hayo. Anataka kila kitambaa kiwe na picha ya upande wa nyuma, juu wateja wanataka kuona kama rangi imepita mpaka upande wa pili, ndivyo wanavyojua waksi ya kweli. Ana haki. Lakini ni kilobaiti 40 nyingine kwa kila kikwembe, nimemwambia nyuma itatokea mteja akiibonyeza tu, yeye anasema mteja wa kweli hageuzi kitambaa kwa kuomba ruhusa, anageuza tu. Bado tunabishana.