Msamiati amilifu: neno unalolijua na neno unalolitumia

Muulize mtoto yeyote wa Nairobi maana ya "msongamano". Atakwambia bila kufikiri, maana redio huutaja msongamano wa Barabara ya Thika asubuhi na jioni. Sasa muulize mtoto huyohuyo kwa nini amechelewa shuleni. "Mwalimu, kulikuwa na jam."

Neno analo, ila halitumii. Ndiyo sababu walimu wa lugha huugawa msamiati wa mtu mafungu mawili. Kuna msamiati pokezi, maneno anayoyaelewa akiyasikia au kuyasoma, na kuna msamiati amilifu, yale yanayomjia mwenyewe anapozungumza au kuandika. Kwa kawaida fungu la kwanza ni kubwa kuliko la pili, na hilo si kosa la mtu. Kosa ni letu walimu tunapofundisha la kwanza kisha tukasahihisha la pili: Jumatatu tunaandika maneno kumi ubaoni na maana zake, Ijumaa tunashangaa mbona hayamo kwenye insha.

Au yamo, lakini yamekaa upande. Waliopitia KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wanazikumbuka insha zile za kurauka alfajiri na kutembea guu mosi guu pili. Nimewahi kusahihisha moja ambamo mtu "alirauka saa nne asubuhi". Kurauka ni kuamka mapema sana. Huyu wa saa nne alilala hadi kitanda kikamchoka. Mwandishi alilikariri neno kama pambo, wala hakuwahi kulihitaji. Kwa maoni yangu, mapambo hayo yameharibu Kiswahili cha insha kuliko Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana.

Na hiyo Sheng ina la kutufunza. Hakuna mwalimu anayefundisha "nganya", yaani matatu iliyorembwa. Mtoto hulisikia stejini, jioni ashalitumia na wenzake, kesho wanabishana ni nganya gani yenye muziki mkali. Basi, limeshika. Hakupewa orodha wala maana. Alipewa ubishi, na ubishi ulilidai neno.

Turudi kwa msongamano tuone darasani linaweza kudaiwa vipi. Mimi huanza na "songa", ambalo wanalo tayari. Nyumbani ugali husongwa kwa mwiko mpaka ukaze. Kwenye matatu makanga anasema, "Songa kidogo mama, hapo ni watu watatu." Wakubwa wana msongo wa mawazo. Halafu tunaongeza ile -mana iliyomo katika shikamana na fungamana, ya vitu vinavyofanyiana jambo, na songamana inajitokeza yenyewe. Ngeli hatuiachi nyuma: msongamano huu, misongamano hii. Kisha majirani wa neno, maana neno haliishi peke yake: msongamano wa magari, wa watu, wa wanafunzi darasani. Mmoja aliwahi kuniambia "msongamano wa mvua". Sikumkemea. Niliwaachia wenzake, wakabishana dakika kumi nzima hadi msichana mmoja akaamua kwamba mvua haigombei njia. Dakika kumi hizo zilifanya kazi kuliko kamusi.

Linalobaki ni muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Kwa hiyo kurudia mara ishirini siku moja ni hasara. Afadhali kurudia leo, kesho, wiki ijayo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliupa mwendo huo umbo la kisanduku cha kadi: ukipata jibu, kadi inaingia chumba cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, ukikosa, inarudi chumba cha kwanza. Sisi tunatumia boksi la viatu na manila iliyokatwakatwa. Ila kadi zetu hazina "msongamano maana yake ni...". Zina pengo: "Tulishindwa kupita soko la Gikomba kwa sababu ya ______ wa watu." Mtoto analazimika kulitoa neno kinywani, na ile "wa" inamnong'oneza ngeli.

Ukitaka kujua kama neno limehama fungu, usiulize maana yake; hapo utakuwa umepima lile fungu la kwanza tena. Mwambie mtoto aeleze hali ya lango la shule saa ya kwenda nyumbani, wewe usilitaje neno kabisa. Ukisikia "msongamano ya watoto", furahi kwanza. Ngeli mtairekebisha kesho, kadi ikirudi.