Ukuta wa Mji Mkongwe hautaki saruji

"Saruji ndiyo dawa, fundi. Chokaa mambo ya kizamani." Kila masika yakimalizika naambiwa hivyo katika mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Shangani, Malindi, Mkunazini, mwenye nyumba akinionesha ukuta uliovimba. Kumbe ukuta wenyewe umevimba kwa saruji aliyoipiga mwaka juzi!

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Hunywa maji, ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na kupanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Igonge kwa kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachana na jiwe. Huko nyuma udongo umelainika na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza. Siku dari ikishuka, lawama anapewa aliyejenga.

"Lakini saruji inakaa!" Inakaa, ndiyo, ukuta ndio haukai. Lipu ya chokaa kazi yake ni kuchakaa ili jiwe lisichakae, nawe unaibandua na kupiga nyengine. Chokaa ilowekwe mapema, ipigwe tabaka nyembamba, kila moja ishike kabla ya inayofuata. Mwenye haraka asiniite. Na kabla ya lipu yoyote, ziba paa, zibua mifereji, na lile bomba la kiyoyozi linalodondoshea maji ukutani mchana kutwa liondoe.

Mengine yanayosemwa juu ya nyumba hizi ni mepesi kujibu. Misumari ya shaba milangoni si ya kuzuia tembo. Unguja tembo wa kuvunja milango katoka wapi? Ni pambo na fahari ya mwenye nyumba. Wala Mji Mkongwe wote si wa karne nyingi: nyumba nyingi tunazoziona ni za karne ya 19, na Beit al-Ajaib yenyewe, lile jumba la sultani, ni ya 1883.

Halafu vyumba vyembamba. Si kwamba wazee hawakupenda nafasi. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, mita 3 hivi, basi. Kwa hiyo ukuta wa kati mara nyingi umebeba boriti za vyumba viwili, na anayetaka kuubomoa apate sebule pana ya wageni, kwanza apande juu ahesabu ncha ngapi zimeulalia.