Mafuriko ya miaka 100 na mto Tana uliobadilika

Watu wengi wakisikia "mafuriko ya miaka 100" wanadhani yakishapita mwaka huu basi tumepona hadi wajukuu. Sivyo kabisa. Maana yake ni kiwango cha maji ambacho kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 mto kukifikia au kukipita, mwakani tena asilimia 1 ileile, kwa hiyo ukijenga mahali maji hayo yanapofika ukakaa miaka 30 uwezekano wa kukukuta ni karibu asilimia 26.

Na hiyo asilimia 1 yenyewe inadai mto ubaki vile ulivyokuwa. Chukua Tana pale Garissa. Sisi tunaokadiria mafuriko tunachukua kilele kimoja cha kila mwaka, yani siku maji yalipopita mengi kuliko zote, alafu tunatafuta modeli, yani hesabu ya uwezekano, inayoendana na hivyo vilele, na modeli ya kawaida inahesabu miaka yote ni sawa, ilhali huko juu ya mto yamejengwa mabwawa: Kindaruma 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Bwawa likiwa na nafasi linameza yale mafuriko madogo na ya kati, ila yakija makubwa likute limeshajaa, maji yanapita tu, kama tulivyoona Aprili na Mei 2024. Yani kilele cha 1961, kabla ya mabwawa hayo, na cha 2024 huwezi kuvitia kapu moja ukadhani umehesabu kitu.

Wengine wanasema basi weka kwenye modeli mstari unaopanda na miaka, kwamba mafuriko yanakua kila mwaka. Mi siupendi, manake rekodi ikiishia mwaka mbaya mstari unaruka juu bila sababu yoyote ya mto wenyewe. Afadhali modeli ifuate kinachosukuma maji: mabwawa yana nafasi kiasi gani, na Bahari ya Hindi iko vipi. Bahari upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inazidi, ndo ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019.

Alafu kuna data yenyewe. Kipimo mtoni kinasoma kina cha maji tu, ujazo unaopita tunautoa kwenye mchoro uliochorwa siku mto umetulia, na siku ya kilele maji yashatoka kingo yametapakaa mashambani, hakuna anayeingia kupima, saa zingine kipimo chenyewe kinasombwa. Namba kubwa kuliko zote, ile inayoivuta modeli nzima, ndo tunayoijua vibaya zaidi. Injinia wa daraja akiniomba namba moja ya mafuriko ya miaka 100 simpi, nampa ya chini na ya juu, na namwomba ajenge akiangalia ya juu.